Josina Machel wa Nachingwea

*Mhadhara kwa walimu, wazee na wanafunzi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa*

  

 

Nimekuja kuzungumza juu ya mwanamke mmoja aliyeishi miaka 25 tu. Alizaliwa Vilanculos, mkoa wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji, tarehe 10 Agosti 1945, akapewa jina la Josina Abiathar Muthemba. Alifariki Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 7 Aprili 1971. Dunia inamfahamu kwa jina la Josina Machel. Nchini Msumbiji tarehe aliyofariki ni Siku ya Mwanamke, na watoto wa shule hufundishwa habari zake. Huku kwetu, alikopata mafunzo ya vita, wanafunzi wengi hawajapata kusimuliwa kwamba alipita hapa.

Dhumuni langu ni kueleza kwa nini Nachingwea imo katikati ya maisha yake. Nina dai moja, na nitalitetea. Watu wamezoea kumkumbuka Josina kwa njia mbili: mke wa kiongozi Samora Machel, au msichana wa kwenye picha aliyebeba bunduki. Mimi nasema alikuwa mjenzi wa taasisi. Alijenga vituo vya watoto, alijenga kikosi, alijenga idara, na alivijenga kabla nchi yake haijawa na bendera. Ujenzi huo ulianza hapa kusini mwa Tanzania.

1. Alichagua, akakamatwa, akachagua tena

Baba yake Josina alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali ya kikoloni. Wareno waliwagawa Waafrika mafungu mawili. Walio wengi waliitwa wenyeji, wakalazimishwa kufanya kazi za shokoa na kulima pamba bila hiari yao. Wachache walipewa hadhi ya kuhesabiwa karibu na Mreno, baada ya kuthibitisha kwamba wanajua Kireno, wamesoma, na wanaishi kwa desturi za Ulaya. Familia ya Muthemba ilikuwa katika hao wachache, na ndiyo sababu binti yao alipata kusoma. Lakini nyumbani kwao siasa haikukosekana. Babu yake alikuwa mhubiri wa Kipresbiteri aliyeusema ukoloni vibaya waziwazi.

Shule aliianzia Mocímboa da Praia. Wazee wangu, naomba tutulie kidogo hapo, maana jina hilo mnalijua. Mocímboa iko pwani ya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wamwani, ambao lugha yao ina undugu wa karibu sana na Kiswahili. Kwa hiyo huyu mtoto wa Inhambane, ambaye kwao ni mbali kiasi kwamba Mmakonde wa Newala angemwona mgeni kabisa, alipata utotoni kuishi jirani na watu wa pwani hii hii yetu.

Akiwa na miaka 13 alihamia Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, akakaa na bibi yake na kusomea biashara. Huko akaingia NESAM, umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wa sekondari ulioanzishwa mwaka 1949 na kijana aliyeitwa Eduardo Mondlane. Kwa nje ulionekana kuwa umoja wa utamaduni. Ndani yake vijana walijadili nchi yao ni ya nani, na polisi wa siri wa Kireno, waliojulikana kwa jina la PIDE, walikuwa na orodha ya majina yao.

Mwezi Machi 1964, akiwa na miaka 18, Josina alitoroka na wanafunzi wenzake wakitaka kufika Tanganyika kujiunga na FRELIMO, chama kilichokuwa kimeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Mmoja wao alikuwa Armando Guebuza, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Rais wa Msumbiji. Walifika Victoria Falls, upande wa Rhodesia. Walikuwa wamebakiza hatua chache kuingia nchi ambayo leo ni Zambia walipokamatwa, wakarudishwa Lourenço Marques na kutiwa gerezani kwa miezi kadhaa.

Wanafunzi mlioko hapa, fikirieni: umri wenu, jela ya PIDE, na wazazi wanaojua kwamba hadhi ya familia inaweza kufutwa kwa siku moja. Alipotolewa alirudi shuleni, na polisi wakawa wanamfuata nyuma. Miezi michache baadaye akatoroka mara ya pili, akipitia njia nyingine: Swaziland, Afrika Kusini, Bechuanaland ambayo sasa ni Botswana, kisha Zambia, kisha Tanzania. Wakiwa Bechuanaland Waingereza walitaka kuwarudisha, na ilibidi Mondlane, aliyekuwa Rais wa FRELIMO, aingilie kati kuomba msaada wa kimataifa. Huyu hakuletwa na mume wala ndugu. Wakati huo hakuwa mke wa mtu.

Dar es Salaam alipangiwa kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini, akawa msaidizi wa mkurugenzi wake, Janet Mondlane. Baada ya kama mwaka mmoja na nusu alipewa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu nchini Uswisi. Akaikataa.

Uzito wa kukataa huko hauonekani mpaka tukumbuke yaliyotokea katika shule ile ile. Mwaka 1968 Taasisi ya Kurasini ilivurugika na kufungwa. Mzozo ulikuwa na mambo mengi, lakini kiini chake kilikuwa swali moja: je, aliyesoma apelekwe msituni kama wengine, au atunzwe kwa ajili ya madaraka ya baadaye? Wapo wanafunzi waliosema kazi yao ni kusoma, vita wapigane wengine. Josina alikuwa na elimu kuwazidi wengi wao, na mlango wa Ulaya ulikuwa wazi mbele yake. Yeye aliomba kuja Nachingwea.

2. Nachingwea ilikuwa mahali gani

Hoja ya pili nitaipitia kwa haraka, maana nawasimulia wenye mji habari za mji wao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza, kwa njaa yao ya mafuta ya kula, walianzisha Mpango wa Karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikata misitu, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani hadi hapa, wakagawa ardhi katika mashamba yenye namba. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya London ilitangaza kwamba mpango umeshindwa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vilivyobaki ni viwanja vilivyokwisha kufyekwa, majengo, na majina.

Tazameni sasa. Kambi kubwa ya mwanzo ya wapiganaji wa FRELIMO nchini Tanzania ilikuwa Kongwa, mwaka 1964. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Nachingwea, katika Farm 17. Zote mbili ni ardhi ya karanga. Vita vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado, na Nachingwea ilikuwa karibu na mpaka kuliko Kongwa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikatoa ardhi, na wenyeji wakatoa kitu ambacho hakiandikwi katika hati yoyote: walinyamaza. Kambi ya maelfu ya vijana haifichiki kwa majirani. Soko linajua, barabara inajua, mama anayechota maji anajua. Siku zile Ruangwa haijawa wilaya inayojitegemea, na watu wa pande zote hizi waliishi miaka kumi na siri hiyo huku majasusi wa Kireno wakiitafuta.

Ndani ya kambi, Samora Machel, ambaye kutoka mwishoni mwa mwaka 1966 ndiye aliyeongoza ulinzi wa FRELIMO baada ya kuuawa Filipe Samuel Magaia, alitaka zaidi ya askari. Alikuwa akiiita Nachingwea maabara ya kumtengeneza mtu mpya. Mmakonde alikula chungu kimoja na Mchangani wa kusini, Mmakua akajifunza kusoma kwa kufundishwa na kijana wa Zambezia. Walilima chakula chao wenyewe. Wakufunzi wa Kichina walifika baadaye kufundisha mbinu za vita vya msituni. Kwa vijana wengi, hapa Nachingwea ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza na Msumbiji nzima, kabla hawajaiona kwenye ramani.

3. Wasichana 25

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Mwezi Oktoba 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua kwamba wanawake waingie katika mapambano kwa ukamilifu, pamoja na mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana 25 likaletwa Nachingwea kwa mafunzo ya miezi mitatu. Josina Muthemba alikuwa mmojawao. Kundi lile ndilo lililozaa Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO.

Tusidhani walipokewa kwa shangwe. Wazee wa jamii zao waliona ni aibu binti kulala kambini na wanaume na kubeba silaha. Wazazi waliogopa: nani atamwoa? Katika jeshi lenyewe wapo wanaume walioona kwamba mwanamke kazi yake kambini ni kupika na kufua. Wote tuliomo humu, Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, tunajua jinsi unyago na jando vinavyompa kila mtu nafasi yake, na jinsi ilivyo vigumu kuihamisha nafasi hiyo hata kwa inchi moja. Sasa fikirieni wasichana wanaofundishwa kulenga shabaha, kutembea usiku kwa siku nyingi, kuvuka mto, kubeba risasi na madawa kichwani, kisha kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kueleza siasa kwa watu wazima.

Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lililobadili mambo kuliko bunduki. Mpiganaji mwanamume akifika kijijini usiku, wanakijiji wanaogopa. Mwanamke akifika, mlango unafunguliwa, anakaribishwa jikoni, anasikilizwa na mama wa nyumba, na mama wa nyumba ndiye anayeamua kama unga utatoka au hautatoka. Kikosi cha Wanawake kiligundua kwamba vita vya msituni vinategemea jiko. Zaidi ya hapo, mume au kaka anayemwona msichana wa miaka kumi na minane akiwa amebeba silaha hupata shida kueleza kwa nini yeye amebaki nyumbani. Wapo wanaume waliojiunga kwa sababu ya aibu hiyo.

Josina aliyaandika haya mwenyewe. Mwaka 1969 makala yake juu ya nafasi ya mwanamke katika mapinduzi ilitoka katika jarida la FRELIMO lililochapishwa Dar es Salaam. Ndani yake anaeleza kazi za kikosi moja baada ya nyingine: kupigana, kulinda maeneo yaliyokombolewa, kusafirisha mizigo, kuhamasisha watu, kufundisha, kuuguza. Nimeisoma makala hiyo nikashangazwa na utulivu wake. Mwandishi ana miaka 24. Haombi wanawake wahurumiwe wala hawapambi. Anaeleza kazi iliyokwisha kufanyika, kisha anadai nafasi inayolingana na kazi hiyo.

Baada ya mafunzo aliingia mkoa wa Niassa, Msumbiji. Huko kazi yake haikuwa mstari wa mbele wa risasi pekee. Alishughulika na vituo vya afya, na palepale akaanza kuliona tatizo ambalo makamanda walikuwa hawajalipa jina: watoto. Vita vilikuwa vimeacha yatima. Vilikuwa pia vimeacha watoto ambao wazazi wao wote wawili wamo vitani. Nani awalee? Jibu la desturi lingekuwa: mama zao warudi nyumbani. Jibu la Josina lilikuwa kwamba harakati yenyewe ichukue jukumu la malezi. Vikaanzishwa vituo vya watoto katika maeneo yaliyokombolewa ya Niassa na Cabo Delgado, vikilelewa na wanawake wa kikosi.

Akina mama mlioko hapa mtanielewa upesi. Unaweza kumpa mwanamke haki zote katika karatasi. Kama hakuna wa kumshikia mtoto, haki hizo atazitazama kwa mbali. Yeye alilijua hilo kabla hajawa mama.

Mwezi Julai 1968 FRELIMO ilifanya Mkutano Mkuu wa Pili huko Matchedje, Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji, ndege za Kireno zikiwa angani. Josina alikuwa mjumbe. Alitetea wanawake waingizwe katika ngazi zote za harakati, na mkutano ukakubali msimamo huo. Mwaka 1969 alikabidhiwa sehemu ya wanawake katika Idara ya Uhusiano wa Kimataifa, kisha Idara ya Masuala ya Jamii, iliyosimamia watoto, elimu yao na afya zao. Alitoka mafunzoni Nachingwea mwaka 1967, na miaka miwili baadaye alikuwa anaongoza idara.

4. Tunduru, ndoa, na mwili uliochoka

Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Chama kikatikisika. Katika kipindi hicho cha msiba na mashaka, mwezi Mei 1969, Josina Muthemba na Samora Machel walifunga ndoa katika kituo cha elimu cha FRELIMO huko Tunduru. Mwishoni mwa Novemba akajifungua mtoto wa kiume.

Ndoa hiyo imefunika mambo mengi. Ukifungua kitabu cha historia utamkuta Josina katika sura ya mumewe, aya moja au mbili. Lakini hesabuni miaka: kila jambo kubwa nililolitaja mpaka sasa, isipokuwa uongozi wa idara na makala ile, lilitangulia ndoa. Baada ya kujifungua aliendelea na safari za kazi, mtoto akabaki kwa walezi kama walivyobaki watoto wa wapiganaji wengine. Aliutumia mwenyewe mpango alioudai kwa wenzake. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima yake kubwa.

Mwaka 1970 alianza kuumwa. Alipelekwa Moscow kwa matibabu, akaambiwa apumzike. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Samora akawa Rais wa FRELIMO, na mwezi Julai Jenerali wa Kireno Kaúlza de Arriaga akaanzisha mashambulizi makubwa kuliko yote dhidi ya Cabo Delgado, akiwa na makumi ya maelfu ya askari. Josina hakupumzika. Alikwenda Niassa kutembelea vituo. Machi 1971 akaenda Cabo Delgado, kwa miguu, katika nchi iliyokuwa imepigwa mabomu miezi michache kabla, kutazama hali ya watoto na ya wanawake. Alirudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Aprili akiwa hoi. Tarehe 7 akafariki. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, mbali na Vilanculos. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Msumbiji.

Mwaka uliofuata FRELIMO iliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Msumbiji haiko peke yake katika hili. Guinea-Bissau huadhimisha siku ya wanawake wao tarehe 30 Januari, siku ambayo mwaka 1973 Titina Silá wa PAIGC, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, aliuawa na Wareno akivuka mto kwenda kwenye mazishi ya kiongozi wake, Amílcar Cabral. Mataifa hayo mawili, yaliyopigana na mkoloni mmoja, yamechagua kuwakumbuka wanawake wao kwa siku za vifo. Naelewa sababu. Ila ningependa sisi walimu tufundishe pia siku walizoishi, maana ndizo zenye somo la kazi.

Machi 1973, Tunduru kwa mara nyingine, ulifanyika mkutano wa kwanza wa wanawake wa Msumbiji na kuzaliwa Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, OMM, ambao upo mpaka leo. Mwaka huo huo msichana mwingine aliyesoma, Graça Simbine, alikuja kupata mafunzo Nachingwea. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Elimu, na dunia inamjua kama Graça Machel. Nataja haya ili tuone kwamba ule mwaka 1967 haukuwa tukio la pekee. Ilikuwa njia, na wanawake waliendelea kuipita.

5. Jina la pili: Celina Simango

Hoja hii ya tano ni nzito, na nimefikiri sana kama niilete mbele yenu. Nimeileta kwa sababu Nachingwea inaihusu moja kwa moja.

Kabla ya Kikosi cha Wanawake kushika uongozi wa akina mama wa FRELIMO, kulikuwa na Umoja wa Wanawake ulioitwa LIFEMO. Mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Celina Simango, mke wa Mchungaji Uria Simango, Makamu wa Rais wa FRELIMO. Celina aliishi Tanzania, alizungumza kwa niaba ya wanawake wa Msumbiji katika mikutano ya nje, na mwanawe Daviz, ambaye baadaye alikuwa Meya wa Beira mpaka alipofariki mwaka 2021, alizaliwa katika nchi yetu mwaka 1964. Baada ya kifo cha Mondlane ulizuka ugomvi wa uongozi. Novemba 1969 Uria Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akaondolewa katika uongozi, kisha akafukuzwa.

Mwaka 1974 ukoloni wa Kireno ulipoanguka, Simango alirudi Msumbiji na kujiunga na siasa za upinzani. Alikamatwa. Mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru, alisimamishwa hapa Nachingwea, pamoja na mamia ya wafungwa wengine, akasomeshwa maungamo mbele ya hadhara na wageni walioalikwa. Alikuwepo pia mwanamke, Joana Simeão. Wote wawili waliuawa baadaye Msumbiji, bila kesi mahakamani. Celina naye aliuawa.

Kwa hiyo uwanja ule ule ulioshuhudia wasichana 25 wakijifunza kusimama wima, ulishuhudia pia watu wakisimamishwa kudhalilishwa. Mimi namheshimu Samora Machel. Naamini bila yeye na bila Nachingwea kusini mwa Afrika kungekuwa kwingine. Lakini heshima hiyo hainipi ruhusa ya kusimulia nusu. Ukimfundisha mtoto habari za Josina ukamficha Celina, umemfundisha kwamba mwanaharakati hustahili kumbukumbu akiwa upande ulioshinda tu.

Sisi Watanzania tunalo la kujifunza kwetu wenyewe. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake kwa maelfu katika TANU tangu mwaka 1955. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Mwalimu akamwachia huru. Miaka ilipita jina lake likiwa halitamkwi sana. Leo moja ya barabara kubwa za Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Ndugu zetu wa Msumbiji watamaliza mjadala wao kwa njia yao. Sehemu yetu ni kutunza ushahidi wa yaliyotokea katika ardhi yetu, yote.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Tarehe 24 Mei 1975 Samora alianza safari yake ya kurudi nyumbani, akavuka kutoka Tanzania kuingia kaskazini mwa Msumbiji, akapita mkoa kwa mkoa mpaka kufika mji mkuu kwa ajili ya uhuru wa tarehe 25 Juni. Kambi ikaanza kutawanyika. Tangu wakati huo imepita miaka zaidi ya hamsini. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa ni mzee wa sabini na kitu. Walimu, hesabu hii haitusubiri.

Yako mambo matatu ninayoomba yaanze mwaka huu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni ushuhuda wa wenyeji. Maandishi makubwa ya ukombozi, ukiwemo mradi uliobeba jina la marehemu Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mtendaji, yamewahoji zaidi viongozi na wapiganaji. Aliyewauzia mihogo hajahojiwa vya kutosha. Mama wa Naipanga aliyefundishwa kushona na msichana wa kambini, dereva aliyebeba magunia kutoka Mtwara, muuguzi aliyeziona pande zote mbili kati ya hapa na hospitali ya FRELIMO ya Dokta Américo Boavida kule Mtwara: hao ndio tunaowahitaji. Kila mwanafunzi ana simu yenye kinasa sauti. Wanachuo wa ualimu wanaweza kufundishwa kuuliza swali fupi na kunyamaza wakati mzee anajibu. Kazi hiyo ifanyike Kiswahili, na pale mzee anapopendelea Kimwera au Kimakua, iachwe hivyo hivyo kisha ifasiriwe.

La pili ni Farm 17 yenyewe. Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika ipo, na halmashauri zetu zinaweza kuitaka iweke alama na maelezo mahali pale, yenye tarehe, yenye majina ya wanawake, yenye mwaka 1967 na mwaka 1975 pamoja. Watoto wanaocheza katika ardhi hiyo wana haki ya kusoma kilichotokea.

La tatu ni ushirikiano wa shule. Walimu wa historia wa Nachingwea na Ruangwa waandikiane na wenzao wa Mueda na Mocímboa da Praia. Najua hali ya usalama ya Cabo Delgado tangu mwaka 2017, na najua kwamba mji ambao Josina alianzia shule umeteseka vibaya. Hiyo ni sababu ya kuandika barua mapema. Wapo vijana wa kule ambao wamekimbia makwao kama wazazi wa wazazi wao walivyokimbia, na baadhi yao wamevuka Ruvuma. Kituo cha watoto ambacho Josina angekifungua leo kingekuwa huko huko Cabo Delgado.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba baada ya mimi kukaa watapewa nafasi wazee wanaoikumbuka kambi. Naomba walimu wachukue daftari. Naomba pia tuanze na akina mama, na mwenye jina la mwanamke yeyote aliyemjua kambini kati ya mwaka 1965 na 1975 alitaje, kwa Kireno, kwa Kimakonde, au kwa jina la utani alilopewa na watu wa sokoni, ili liandikwe leo.